Sanduku la Dada: Nani alitaka kulibomoa?

Jamani, toleo lililopita tuliweka kipicha kimoja tu, ile hoteli kubwa ya Québec yenye mapaa ya kijani, nikaandika chini yake kwamba Kanada nayo ina majengo ya zamani yenye mambo mazito, basi ndo nikawa nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu inapata moto, Toronto, Edmonton, Halifax, hadi dereva wa lori mmoja kaandika akiwa kapaki pembeni ya barabara huko Saskatchewan. Wengi wenu mnaishi hukohuko na kuta zenyewe mnapita mbele yake kila siku mkiwahi kazini. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyakata mkia, msininunie.

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma hapa Toronto, mwaka wa pili. Kila kona kuna kibao kinasema jengo la kihistoria, ukisogea kusoma unakuta limejengwa 1890 na kitu. Si juzi tu hiyo? Nchi yenyewe imezaliwa 1867. Hiyo historia wanayojisifia iko wapi? (Mwanafunzi, Toronto)

Marahaba mdogo wangu. Hiyo 1867 ni cheti cha ndoa, sio cha kuzaliwa. Ndo mwaka makoloni ya Mwingereza yalipoungana yakawa nchi moja, tena mwanzoni mikoa minne tu, Ontario, Quebec, Nova Scotia na New Brunswick, lakini watu walikuwa wameshajenga na kuzaa na kuzikana humo karne na karne. Nenda ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, panaitwa L'Anse aux Meadows, kuna mabaki ya majengo manane ya mabonge ya udongo na nyasi yaliyopangwa juu ya fremu za mbao, kazi ya mabaharia wa Skandinavia. Wataalamu walipima miti iliyokatwa pale, majibu yakatoka 2021, ilikatwa mwaka 1021. Hapo Kolombo bado miaka mia nne na ushee hajazaliwa. Na hao mabaharia nao walikuta ni nchi ya watu tayari.

Halafu vuka nchi yote mpaka upande wa Pasifiki, visiwa vya Haida Gwaii, kuna kijiji kinaitwa SGang Gwaay. Nyumba ndefu za mwerezi zimebaki magofu, na mbele yake zimesimama nguzo zilizochongwa wanyama na alama za koo. Ndui ya 1862 ilipita pwani ile kama moto wa nyikani, na wachache waliobaki mwishowe wakahamia vijiji vingine. Unesco waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, sasa we ukifika unategemea kukuta nguzo zimepakwa vanishi na kuzungushiwa vioo, unakuta zinaoza! Zimeinama, zimeota kuvu, nyingine zimelala chini. Ni makusudi. Kwa Wahaida, wenyeji wa visiwa hivyo, nguzo ina maisha yake, ikimaliza kazi inarudi ardhini, wao wanachofanya ni kuilinda isiharibiwe na wageni, walinzi wao wanakaa pale kiangazi.

Kwa hiyo mi nina swali langu moja ninalotembea nalo, na nakupa bure: ukisimama mbele ya jengo la zamani usiulize limejengwa lini, uliza nani alitaka kulibomoa, na nani akakataa. Hapo ndo stori zinapoanza kutoka.

SWALI: Bonjour dada. Mimi Mkongomani wa Bukavu, niko Québec mwaka wa sita, nilikuja huku sababu ya Kifaransa. Kwenye mji wa zamani nyumba za mawe zina ukuta unaopita juu ya paa, na nyingine zina ngazi imelala juu ya paa kabisa. Watoto wananiuliza, mimi nawajibu ni ya kuondoa theluji. Nimewadanganya? (Baba wa watatu, Québec)

Umewadanganya kaka, ila sio sana. Theluji ndo imefanya paa liwe kali vile, ili iporomoke yenyewe. Ngazi na ukuta ni habari ya moto. Mwanzoni Wafaransa walijenga kwa mbao kwa sababu msitu ulikuwa bwerere, na baridi ile maana yake kila nyumba ina moto unawaka usiku kucha, sasa bomba la moshi likitema cheche moja tu kwisha habari ya mtaa. Mwaka 1682 sehemu kubwa ya mji wa chini iliteketea. Baadaye ikaja amri ya 1727, nyumba za mjini zijengwe kwa mawe, paa za vibao marufuku. Ule ukuta unaochomoza kati ya nyumba na nyumba ni wa kuzuia moto wa jirani usirukie kwako, na ngazi ni ili mtu awahi kupanda na ndoo. Waambie watoto hivyo, watafurahi zaidi.

Na ukishuka pale Place Royale kuna kikanisa kidogo cha mawe, Notre-Dame-des-Victoires, kimeanzishwa 1688. Jina maana yake Bibi Yetu wa Ushindi, tena ushindi kwa wingi, kwa sababu meli za Waingereza zilishindwa kuuteka mji mara mbili, 1690 na 1711. Kwenye mara ya tatu jina halikusaidia kitu. Mwaka 1759 Waingereza waliupiga mji mizinga wiki na wiki kutoka ng'ambo ya mto, kanisa likabaki kuta, na tarehe 13 Septemba ikapigwa vita ya nje ya mji, fupi kabisa, majenerali wote wawili wakapigwa risasi, Wolfe wa Uingereza akafia hapohapo, Montcalm wa Ufaransa akafa kesho yake. Kanisa likajengwa upya juu ya kuta zilezile, na wakaliacha na jina lake la ushindi. Mi hapo huwa nacheka. Mtu umeshapigwa, umetawaliwa, lakini jina la kanisa hubadilishi.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Zile kuta za ngome zinazozunguka mji wa zamani, ambazo leo kila mtalii anapiga nazo picha, nani alitaka kuzibomoa? Wenyeji! Jeshi la Uingereza lilipoondoka 1871 wafanyabiashara wakaona kuta zinabana njia, magari ya farasi hayapiti, bomoa tu. Aliyezuia ni Gavana Mkuu, Lord Dufferin, bwana mkubwa wa ukoo wa Kiingereza kutoka Ireland, akashauri wapanue malango ili biashara ipite na kuta zibaki. Yaani Mfaransa anataka kubomoa, Mwingereza anamwambia usibomoe. Mwaka 1985 mji ukaingia urithi wa dunia kwa sababu ya kuta hizohizo.

Na ile hoteli ya kwenye picha, Château Frontenac, wengi mmeandika mkiuliza mfalme gani alikaa humo. Hamna mfalme. Ni hoteli ya kampuni ya reli, Canadian Pacific, ilifunguliwa 1893, mchoraji wake Mmarekani anaitwa Bruce Price, na mnara ule mkubwa wa katikati umeongezwa miaka ya 1920. Reli ilishajengwa, inataka abiria wenye pesa, basi ikawajengea ngome ya hadithini walale.

Jambo moja kabla sijakuacha, maana hili watoto wako hawaoneshwi kwa ngazi. Habari hiyohiyo ya moto ilimuua dada mmoja Mweusi kule Montréal. Marie-Joseph Angélique, mtumwa, mzaliwa wa Madeira. Aprili 1734 nyumba kama arobaini na kitu ziliungua pamoja na hospitali, yeye akashikwa kwamba ndo kawasha, wakamtesa mpaka akakiri, wakamnyonga mwezi Juni. Watu wengi wanadhani utumwa ulikuwa wa Marekani tu na Kanada ilikuwa mahali pa kukimbilia. Ilikuwa vyote viwili, kwa vipindi tofauti. Leo katikati ya Montréal kuna uwanja mdogo una jina lake. Nyumba iliyoungua haipo, mwenye kulaumiwa ndo kabaki kwenye ramani.

SWALI: Dada pole na kazi. Tunakaa karibu na Brantford, Ontario. Binti yangu darasa la saba walipelekwa kutembelea shule ya zamani ya bweni ya watoto wa wenyeji, karudi hali chakula, analia. Mimi nauliza hivi, mahali kama pale si wangepiga tingatinga tu? Kuna faida gani kuweka jengo la mateso? (Mama Kijacho, Ontario)

Mpe pole sana binti. Na wewe swali lako sio la ajabu, wenye jengo nao walijiuliza hivyohivyo.

Pale panaitwa Mohawk Institute. Ilikuwa ya kanisa la Anglikana, ilianza kulaza watoto miaka ya 1830, ikafungwa 1970. Mpango wa shule hizi nchi nzima ulikuwa kumtoa mtoto kwa wazazi wake, kumkata nywele, kumkataza lugha yake, ili akitoka awe "mtu mwingine". Zaidi ya watoto 150,000 walipita kwenye shule hizo, maelfu hawakurudi kwao. Watoto wa pale Brantford waliliita jengo "Mush Hole", yaani shimo la uji, kwa sababu chakula kilikuwa uji, asubuhi uji, tena uji wa hovyo. Ndo ujue hata jina la utani linaweza kuwa ushahidi. Na mwaka 1903 wanafunzi wenyewe walilichoma jengo lililokuwepo likaungua, hili la matofali mekundu mnaloliona ndo lilijengwa baada ya hapo, 1904. Kwa hiyo nani alitaka kulibomoa? Waliokuwa ndani.

Mi nilikwenda pale siku moja ya mvua, mbele jengo linaonekana la heshima, nguzo nyeupe, ngazi pana, ungedhani ofisi ya mkuu wa mkoa. Nikazunguka nyuma. Nyuma kwenye matofali, usawa wa kifua cha mtoto, kumejaa majina. Wamekwangua kwa msumari au kwa jiwe, herufi mbili za jina, mwaka, jina zima la mwingine aliyekuwa na subira. Nikaweka kidole kwenye mmoja nikashindwa kukitoa. Ukifikiria, mtoto huyo walimwambia lugha yake isitamkwe, jina lake likabadilishwa, akatafuta tofali la nyuma ambalo mwalimu haoni akaliandika jina lake mwenyewe. Mbele ni jengo la serikali na kanisa, nyuma ni la watoto.

Mwaka 2013 paa lilivuja, maji yakaharibu, ikabidi jamii ya wenyeji wa asili wa pale, Six Nations, ambao ndo jengo liko mikononi mwao, waamue, tubomoe au tutengeneze? Wakaulizana, wakapiga kura. Asilimia 98 walisema libaki. Hao ni watu ambao baba zao na bibi zao walipigwa humo ndani. Kampeni ya kuchangisha pesa wakaiita "Okoa Ushahidi", na hilo neno ushahidi ndo jibu lako mama. Wanajua siku jengo likiondoka atasimama mtu aseme haya mambo hayakutokea, mmekuza. Limefunguliwa kama makumbusho tarehe 30 Septemba 2025, siku ileile watu wanavaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa shule hizo.

Lakini sehemu nyingine waliamua kinyume, walibomoa au walichoma, na jamii nyingine zilisherehekea siku ya kubomoa. Siwezi kusema walikosea. Mwenye kidonda ndo anajua akifunge au akiache wazi.

Binti usimlazimishe kula, mkalishe akusimulie alichoona. Muulize kama aliona yale majina.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Edmonton, natokea Mombasa. Jumapili tulipeleka familia Fort Edmonton Park, kuna msikiti wa zamani pale, lakini wallahi kwa nje ni kama kanisa! Mume wangu kasema walibadilisha kanisa. Kweli? (Bi. Mdogo, Edmonton)

Waalaykum salaam bibie. Mwambie bwana hapana, ule ulijengwa msikiti tangu tofali la kwanza, na hii ndo stori ninayoipenda kuliko zote nilizopokea mwezi huu kwa hiyo kaa vizuri.

Unaitwa Al Rashid, ulifunguliwa Desemba 1938, ndo msikiti wa kwanza kujengwa Kanada. Wakati huo Waislamu nchi nzima walikuwa mia chache tu, wengi Walebanoni, wachuuzi na wanunuzi wa ngozi za manyoya, wanaswali sebuleni kwa mtu. Mama mmoja anaitwa Hilwie Hamdon akaenda mwenyewe kwa meya wa jiji, John Fry, kuomba kiwanja. Meya akasema kiwanja mtapata, je pesa ya kujenga mnayo? Leteni dola 5,000. Na miaka hiyo ni ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanauza mpaka vitanda. Hilwie na wenzake wakaingia mtaa wa biashara, Jasper Avenue, duka moja baada ya jingine, kwa Mwislamu, kwa Mkristo, kwa Myahudi, naomba mchango wa msikiti. Wakapata.

Sasa sura ya kanisa imetoka wapi? Fundi! Walimpata mkandarasi Mkanada wa asili ya Ukraine, Mike Drewoth, na yeye katika maisha yake hajawahi kuona msikiti. Alichokijua ni makanisa ya Kiothodoksi ya kwao, yamejaa nyanda zile. Basi kajenga anachokijua, ukumbi chini, sala juu, mbele minara midogo miwili na vikuba vyake, ndo ukapata hicho mlichokiona. Siku ya ufunguzi alikuwepo Abdullah Yusuf Ali, yule yule mwenye tafsiri ya Kurani kwa Kiingereza ambayo huenda iko kabatini kwenu. Na kule ukumbini chini walikuwa wanapika, wanaozesha, wanafanya dhifa za kuchangisha. Hebu niambie, kuna kitabu gani kitakueleza uhamiaji wa Kanada vizuri kuliko hicho kijengo kimoja? Pesa za watu wa dini tatu, mama wa Kilebanoni, fundi wa Kiukraine, imamu ndani.

Swali langu lilelile, nani alitaka kuubomoa. Jamii ilikua, ukajengwa msikiti mkubwa mpya 1982, ule wa zamani ukabaki tupu na hospitali ya jirani inataka kupanuka. Ulikuwa unakwenda na maji. Walioukamata mkono ni wanawake tena, wale wa Baraza la Wanawake Waislamu wa Kanada tawi la Edmonton, wakachangisha, wakalipigania neno lao, jengo likabebwa zima likapelekwa hapo kwenye bustani ya makumbusho, likafunguliwa tena 1992. Wanawake waliuleta, wanawake wakauhamisha. Siku mkirudi mwambie bwana ashuke ukumbini.

SWALI: Dada mi dereva, napiga ruti Winnipeg hadi Calgary. Njiani kuna vijumba virefu vya mbao kama minara, vina jina la kijiji limeandikwa ubavuni. Vingi vimechakaa. Wenzangu wanasema ni historia. Mi naona ni mabanda. (Dereva, akiwa Saskatchewan)

Ni vihenge kaka, vihenge vya ngano. Na usivione mabanda, kwa watu wa pale ndo vilikuwa mnara wa msikiti na kengele ya kanisa kwa pamoja, unakiona kilomita ishirini kabla hujafika. Umeona vijiji vinavyofuatana kwa umbali unaokaribiana, kilomita kumi, kumi na tano? Sio bahati. Mkulima alikuwa anapeleka ngano kwa gari la farasi, lazima aende na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo reli ikaweka kituo na kihenge kila baada ya umbali huo na kijiji kikaota hapo. Yaani ramani ya nyanda zote zile imechorwa na miguu ya farasi.

Ukikaribia kimoja uangalie ukuta ulivyojengwa. Mbao hazikusimamishwa, zimelazwa bapa moja juu ya nyingine na kupigiliwa misumari, kwa sababu nafaka inasukuma kama maji, ukuta wa kawaida ungepasuka. Mwaka 1933 vilikuwa zaidi ya 5,700. Na rangi na majina yale ubavuni ni ugomvi pia, wakulima walichoka kupunjwa mizani na makampuni, wakaanzisha vyama vyao vya ushirika miaka ya 1920, wakajenga vihenge vyao na kuviandika kwa herufi kubwa mpinzani azione. Kisha yakaja malori, yako hayo kaka, na maghala makubwa ya zege, na reli ndogo zikang'olewa. Hapa nani kabomoa? Wewe na mimi na bei ya mafuta. Vimebaki vichache, ukipita Manitoba kijiji cha Inglis viko vitano vimejipanga mstari, wamevihifadhi. Piga picha utume.

SWALI: Hujambo dada. Nimehamia Halifax, nimeambiwa kuna mtaa wa Weusi ulikuwa huku wa zamani sana. Nimeenda nikakuta bustani na kanisa jipya tu. Mtaa uko wapi? (Mgeni, Halifax)

Sijambo. Mtaa haupo, na ndo maana nimekuweka karibu na mwisho, kwa sababu hapa hakuna aliyesema hapana akasikilizwa.

Africville. Weusi walinunua viwanja pale kando ya maji miaka ya 1840, wengi wao vizazi vya watu waliokimbia utumwa Marekani wakati wa vita ya 1812, Marekani na Mwingereza. Wakajenga nyumba zao, shule, na kanisa la Kibaptisti. Walilipa kodi, jiji halikuwavutia bomba la maji wala la maji machafu. Badala yake jiji likawaletea kila kitu ambacho watu wengine hawakitaki, reli katikati ya nyumba, jela, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, machinjio, mwisho dampo la taka. Halafu miaka ya 1960 wakubwa wakaja wakatazama wakasema eti hapa ni uchafu hapafai kuishi watu, bomoa. Nani kaleta uchafu? Asiyekuwa na hati ya kiwanja aliambulia dola 500. Wengine vyombo vyao vilibebwa na malori ya taka ya jiji, kitanda na kabati la mama juu ya lori la taka, majirani wapya wanatazama. Na kanisa, Seaview, lilivunjwa usiku Novemba 1967. Usiku. Mtu mwenye haki anabomoa mchana.

Jiji likaomba radhi Februari 2010, na hilo kanisa ulilokuta ni nakala ya lile la zamani, limejengwa kutokana na mapatano hayo. Wengine wanasema nakala sio historia. Mi nasema ukisimama mlangoni utazame daraja kubwa lililopita hapo jirani na nyasi zilipokuwa nyumba, utajua zaidi kuliko ukitembelea ngome nzima ya Citadel na mzinga wake wa saa sita mchana. Nenda kiangazi, waliozaliwa pale na watoto wao huwa wanarudi kukusanyika, wanapiga mahema kwenye viwanja vyao vilevile.

Ya harakaharaka sasa nafasi inaisha. Mliouliza Vancouver: ndiyo, lile jengo jembamba la Chinatown, Sam Kee, ni la kweli, kina chake chini ni kama mita moja na nusu. Jiji lilipanua mtaa 1912 likamega kiwanja cha mfanyabiashara Mchina, Chang Toy, likamwachia kipande ambacho walidhani hakifai hata kufugia kuku, naye 1913 akajenga hapohapo, na chini ya njia ya miguu akaweka mabafu ya kulipia. Enzi hizo Mchina akiingia nchini analipishwa dola 500 kwa kichwa chake, wakati reli ya kuunganisha nchi walijenga maelfu ya Wachina. Nami nalipenda jengo lile kwa ukaidi wake.

Aliyeuliza kama kibao cha serikali kuu kinazuia kubomoa: hapana, kile ni heshima tu, ulinzi wenye meno unatoka mkoani na mjini. Ndo maana Toronto mnaona ukuta wa mbele wa zamani umebaki kama barakoa, nyuma yake limepanda ghorofa la vioo. Halali, lakini mi linaniuma.

Na wewe mwanafunzi wa Toronto uliyeanza, kazi yako hii hapa. Shuka Queen, tembea mpaka Old City Hall, jengo la mawe lenye mnara wa saa, lilifunguliwa 1899. Miaka ya 1960 walitaka kulibomoa wajenge maduka, wananchi wakachachamaa likabaki. Mchoraji wake E. J. Lennox aligombana na madiwani, wakamkatalia kibao cha jina lake. Tazama kwanza juu ya milango ya mbele, zile sura za kuchekesha zilizochongwa inasemekana ndo madiwani wenyewe. Kisha inua macho mpaka chini ya paa, zunguka jengo lote polepole, herufi moja moja imechongwa kwenye mawe, ziunganishe. Usiende siku ya mvua, hazionekani vizuri.